Fundi wa Viti na Mgongo wa Mkwewe

Ukimletea gari fundi wetu wa viti, hakuulizi injini. Hafungui boneti, wala hapigi teke tairi kama wanaume wengine wanavyofanya wakiona gari la mtu. Anavua kandambili, anazipanga nje vizuri, anaingia siti ya nyuma, anafumba macho na kunyamaza. Dakika tano. Kumi. Mwenye gari amesimama pale na funguo mkononi, hajui kama mzee anasali au ameshajilalia zake.

Siku moja dalali mmoja kutoka Mbeya alishindwa kuvumilia. Akagonga kioo.

"Mzee, vipi, umefariki?"

Fundi akafungua jicho moja. "Bado. Lakini kwa siti hii tungefika Kyela, ningekuwa marehemu."

Mimi nilikuwa upande wa pili wa ua, nafua sare za shule. Nilicheka mpaka nikamwaga maji. Kwetu Ibighi, hapa Tukuyu, nyumba zimebanana, kwa hiyo karakana yake ilikuwa kama sebule yetu ya pili: banda la bati, cherehani nzito ya kushonea leza, ile ngozi ya viti, marobota ya sponji, na harufu ya gundi inayokufanya ujisikie umelewa saa mbili asubuhi. Mvua ya Tukuyu inavyojulikana, nusu ya maisha yangu nimemsikiliza yule mzee akiongea huku bati likipigwa juu ya kichwa chake. Ndiyo maana alikuwa anaongea kwa sauti kubwa hata siku ya jua.

Mimi alikuwa ananiita Kasuku. Nilistahili.

Alikuwa na vipimo vyake vitatu, na alivitaja kwa kila mteja kama mtu anayesoma tangazo. Kwanza paja. Pili kiuno. Tatu macho.

Paja maana yake siti iwe ndefu, ikushike mpaka karibu na goti, siyo ikuachie miguu inaning'inia kama umepanda juu ya tenki. Kiuno maana yake pale nyuma pawe na kitu cha kukubeba, siyo shimo. Hapo watu wote walikuwa wanamwelewa. Ila kwenye macho, wageni walikuwa wanatoka kapa.

"Macho vipi, mzee?"

"Ukikaa hapo, unamwona nani?"

Kwa mtu wa Dar hilo ni swali la kichaa. Kwetu siyo. Wanyakyusa wa zamani wana mwiko mmoja ambao hata kanisa limeuzunguka bila kuumaliza: mke wa mtu na baba mkwe wake hawatazamani. Hawakai chumba kimoja, hawasemeshani, hawapishani njiani. Baba mkwe akitokea huku, mkwe anaingia migombani mpaka apite. Siku hizi wengi wa mjini wameacha, wanapiga hadi selfi na baba mkwe. Lakini wapo ambao hawajaacha, na fundi alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo kwake gari la familia halikuwa swali la watu wangapi wanaenea. Lilikuwa swali la nani anakaa nyuma ya nani, na je, kuna kichwa cha siti cha kuficha kisogo.

Probox aliipa sifa ya mzigo. "Nyuma pale unaweka magunia, yanafika yamepumzika. Binadamu anafika amekunjika." Wish aliipenda kwa ulaini, ila akasema siti ya tatu ni ya watoto na ya watu uliokosana nao. Noah ndiyo aliiheshimu. Mlango wa kusukuma, mtu anaingia bila kujipinda, sakafu bapa, paa lipo mbali na kichwa. "Hii," alikuwa anasema, akiipiga ubavuni kama anampiga ng'ombe, "ina vyumba. Nyingine zina viti tu."

Mwalimu wangu wa hesabu alinunua Wish akaja kuringa nayo pale bandani. Fundi akakaa siti zote, moja moja, kisha akatoka.

"Mwalimu, siti nzuri. Sasa baba yako akija kutoka kijijini, mkeo anakaa wapi?"

"Fundi bwana! Watu saba wanaenea humu."

"Sijakuuliza wanaenea wangapi. Wewe si ni wa hesabu?"

Mwalimu akacheka, akaondoka. Baada ya miezi kadhaa kukawa na harusi Lupepo. Baba wa mwalimu akapewa siti ya mbele, akageuka kuangalia mizigo iko salama, na pale nyuma alikuwepo mke wa mwalimu, amesukwa, amevaa gauni la kitenge lenye mabega kama ndege anayetaka kupaa. Mama wa watu alifungua mlango akashuka bila kusema neno. Alikwenda harusini kwa bodaboda, kwenye matope, gauni amelikunja kiunoni. Tulipomwona anafika, darasa zima tulikuwa na cha kuongea mpaka muhula unaisha. Mwalimu alirudi kwa fundi Jumatatu kuuliza kama pazia linaweza kushonwa.

Sasa huyu mtaalamu wa viti alikuwa anakalia nini? Ndoo ya rangi. Ndoo ya lita ishirini, kaigeuza, juu kaweka gunia. Mwaka mzima anakushonea siti ya kukubembeleza kama mama yako, yeye mwenyewe kakaa kwenye plastiki iliyopasuka. Nilimwambia, "Fundi, ukifa tutakuzika na hiyo ndoo." Akasema haitaenea. Kanisani ndiyo kabisa: alikuwa anasimama nyuma karibu na mlango ibada nzima. Mchungaji alidhani ni unyenyekevu, akamsifia mbele ya watu. Kumbe alikuwa anayachukia yale mabenchi. Alisema aliyeyatengeneza alikuwa anajenga uzio, watu wakamwahi wakakaa.

Mambo mengine ya zamani aliyacheka waziwazi. Mambo ya ndege gani akilia nini kitatokea, ya mwanamke asile kipande gani cha kuku, hayo yote alisema yalitungwa na wanaume wenye njaa. Lakini la mkwe hakucheka. Akitaka kutoka bandani kwenda nyumbani kwake, hatua thelathini tu, alikuwa anakohoa mara tatu na kusubiri. Ndani unasikia sufuria inawekwa chini, mlango wa uani unafunguka, kimya. Ndipo anakwenda.

Huyo mkwe ni Mama Ipyana. Mume wake, ambaye ndiye mtoto pekee wa fundi, yuko Chunya kwenye machimbo, anaonekana Krismasi na hata hiyo siyo zote. Mke wa fundi alishatangulia mbele za haki. Kwa hiyo pale nyumbani walikuwa watatu: mzee, mkwe asiyetazamwa, na Ipyana wa miaka minne aliyekuwa anabeba maneno huku na huku. "Babu, mama anasema chakula tayari." "Mwambie mama ndaga, nashukuru." Kutoka mlangoni hadi mezani ni hatua sita, lakini kila neno lilikuwa linapita kwa mtoto kama linavuka mpaka.

Nilimuuliza mara moja, maana mimi ni mtu wa kuuliza. "Fundi, wewe unamwogopa nini Mama Ipyana?"

Aliendelea kuvuta uzi. "Simwogopi. Nyumba ni moja, ndogo. Mimi nikiyaacha macho yangu yatembee tu humo ndani, yeye atapumzikia wapi? Namwachia nafasi."

Nikasema, "Kama legiruumu, ile nafasi ya miguu." Akasema, "Ndiyo, kama hiyo."

Kisha Mama Ipyana akaanguka. Alikuwa anashusha mkungu wa ndizi shambani, kwenye ule mteremko wa nyuma, mvua imenyesha siku tatu. Aliteleza akiwa na mkungu begani na akatua kwa mgongo kwenye kisiki. Wanawake ndio waliomtoa, mama yangu akiwemo. Fundi alisimama juu ya mteremko, ameipa ile shughuli mgongo, anauliza, "Anapumua? Mniambie anapumua?" Hakugeuka hata mara moja. Nilikuwa pale. Nakumbuka nilifikiri kwamba anaonekana kama mtu anayesubiri gari.

Hospitali ya Mbeya walisema pingili moja imeumia, na kwamba atapona akienda kwenye mazoezi kila baada ya wiki mbili, ila asikae vibaya na asitikiswe. Akitikiswa vibaya, miguu inaweza kugoma. Walisema hivyo hivyo, na mama yangu alikuja kumwambia fundi neno kwa neno.

Kutoka Tukuyu mpaka Mbeya siyo mbali. Ni kona za kushuka Kiwira, kupanda mpaka Isongole kwenye baridi, kisha kuteremka Uyole. Mzima anasinzia tu. Mara ya kwanza walimkodia gari na dereva kijana. Mama Ipyana alirudi amejiuma mdomo mpaka umevimba, akalala siku mbili kifudifudi. Fundi akasema yule dereva anaijua barabara, hajui mgongo. Tangu siku ile safari zikasimama, ikawa hivi: kila gari likiingia bandani, alikuwa analikalia kwa ajili ya mtu mmoja.

Ila angempimaje mtu asiyeruhusiwa kumtazama? Hapo ndipo nilipoingia kazini.

"Kasuku, njoo. Simama hapo kwenye kamba."

Kwenye kamba palikuwa na kanga ya Mama Ipyana imeanikwa. Alikuwa ameshaipigia hesabu: Ipyana kamwambia mama akijifunga inaishia wapi, basi urefu wake ni huu. Akanipima na futi yake ya kitambaa kwa mbali mbali, akaangalia kanga, akaangalia mimi.

"Unafaa."

"Nafaa nini, Fundi? Mimi bado nasoma."

"Unafaa kukaa."

Basi nilikaa. Miezi mitatu mimi nilikuwa mgongo wa Mama Ipyana. Narudi shule, begi mgongoni, kabla sijala naitwa. "Kasuku, ingia hii ya mchungaji." Naingia. "Egemea. Paja linasemaje?"

"Linasalimia."

"Kiuno?"

"Kiuno kimesafiri, kitarudi kesho."

"Sema kweli wewe mtoto."

"Hapa chini pana shimo, Fundi."

Anaandika kwenye kipande cha boksi. Alikuwa nayo mengi, maboksi yamejaa magari ya watu na mgongo wangu. Wateja walidhani ni huduma mpya. Mmoja aliuliza kama kukaliwa na binti kunaongeza bei.

Mwisho alinunua Noah. Ilikuwa ya jamaa wa Isongole aliyekuwa anabebea viazi, viti alishaving'oa siku nyingi, ndani limebaki boksi la bati lenye udongo. Fundi aliitazama kama mtu aliyepewa kiwanja. Akaifagia, akaiosha, akaanza kujenga.

Nataka nieleze hicho kiti vizuri kwa sababu sijawahi kuona kizuri kama kile. Sponji za aina tatu, ngumu chini, laini juu. Paja refu. Pale kiunoni kaweka mto ambao ulikuwa unavutwa kwa kamba, unaingia na kutoka. Pembeni mikono miwili ya kumzuia asiyumbe kwenye kona. Leza ya rangi ya kahawa na maziwa, mshono mara mbili. Kakiweka nyuma kabisa, mbali na dereva. Na akakigeuza.

Yaani kilitazama nyuma. Ukikaa, unaona kioo cha mlango wa nyuma na barabara inakukimbia. Kati yake na dereva akaweka pazia la kitambaa kizito. Halafu akang'oa kioo cha ndani cha dereva, kile cha kuangalia nyuma, akakitupa kwenye boksi la skrubu. Dereva angekuwa yeye mwenyewe. Asingemwona, asingeonwa. Mwiko uko salama, mgongo uko salama, na usukani uko kwa mtu anayejua. Aliniambia kila kitu kiko kwenye nafasi yake, na sijawahi kumwona amefurahi vile.

Kulikuwa na jambo moja tu. Mama Ipyana akiumia njiani angesemaje? Hawezi kumsemesha baba mkwe. Hata kugonga bati ni kumsemesha. Fundi alilifikiria hilo. Jibu lake lilikuwa mimi. Ningekaa sakafuni kwenye godoro, karibu na mgonjwa, na ningekuwa nagonga bodi: mara moja, punguza mwendo, mara mbili, simama.

"Utaweza?"

"Fundi, kugonga tu? Nina degree."

Tulifanya jaribio. Nilikaa kwenye kiti, akaendesha mpaka Kiwira na kurudi, taratibu kama anabeba mayai. Kuteremka kona zile ukiwa umetazama nyuma, tumbo langu lilipanda mpaka shingoni. Nilimeza mate njia nzima. Tulipofika nyumbani akazunguka, akafungua mlango.

"Kinasemaje?"

Kulikuwa na wenzangu wawili wa shule wamesimama getini, wananiangalia nimekaa mule kama malkia. Nikawapungia mkono. Nikasema, "Fundi, kiti hiki nataka kuolewa nacho."

Wakacheka. Na yeye akacheka. Hakuandika kitu kwenye boksi siku ile.

Safari ilikuwa Jumamosi. Jumamosi hiyo hiyo shuleni kwetu kulikuwa na bonanza, mpira wa pete asubuhi na muziki mchana. Ijumaa jioni nilimwambia fundi nitakuwepo alfajiri. Alfajiri nilimsikia anakohoa mara tatu. Nilisikia mlango wa Noah unasukumwa, wanawake wanamwingiza Mama Ipyana. Mama yangu alikuwa zamu kiwandani kwenye majani ya chai, hakukuwa na wa kuniamsha, na mimi nilikuwa macho. Nilijifunika blanketi. Ipyana alitumwa dirishani kwetu. "Dada Kasuku! Babu anasema twende." Sikujibu. Aliita mara mbili, akarudi. Nikasikia fundi anamwambia, "Basi wewe ndiye utagonga. Mama akisema, unagonga. Sawa?" Ipyana akasema sawa.

Nilikwenda bonanza. Tulishinda. Nilikula ndizi choma na soda.

Habari niliipata vipande vipande, sehemu kubwa kwa mama. Ipyana alilala hata kabla ya Kiwira. Mtoto wa miaka minne, gari linabembea, kuna joto, angefanya nini. Mama Ipyana alianza kutapika kwenye kona za Kiwira, kwenye kanga yake, bila kutoa sauti. Baada ya Isongole kwenye mteremko mkono mmoja wa kiti, ule wa kumzuia asiyumbe, ulilegea skrubu, na kila kona alikuwa anateleza upande mmoja na kujirudisha kwa mkono. Hakusema. Alikuwa na sauti, alikuwa na pumzi, mzee yupo mita mbili mbele nyuma ya pazia, na hakusema. Alijaribu kumwamsha mtoto kwa mkono, hakumfikia. Fundi alikuwa anaendesha taratibu, anasikia kimya, anafikiri kimya ni raha. Askari alimsimamisha Uyole kumuuliza kioo cha ndani kiko wapi. Yule askari ndiye aliyefungua mlango wa nyuma. Ndiye aliyesema, "Mzee, huyu mama yuko katika hali gani?"

Fundi hakwenda nyuma kutazama. Alibaki kwenye usukani, akamwomba askari amweleze.

Mguu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi. Walimlaza wiki tatu. Ndugu zake wa Lupepo walipokuja hawakupeleka malalamiko kokote. Walikwenda hospitali wakamchukua yeye na Ipyana, wakampeleka kwao. Kaka yake alipita kuchukua nguo. Alimsalimia fundi kwa heshima zote, "Mugonile, tata," yaani baba, akafunga nguo kwenye shuka, akaondoka.

Nilisubiri fundi aniseme. Nilikuwa nimeshaandaa maneno, nilikuwa na homa, tumbo liliniuma, mama alinikataza. Hakuuliza. Alipita getini kwetu kama kawaida. "Kasuku, hamjambo." "Hatujambo." Ndiyo hivyo tu. Kile kiti alikitoa kwenye Noah akakiweka chini ya turubai, akafunga siti ya kawaida mahali pake, na akaacha kukaa kwenye magari ya watu. Mtu akileta kazi, anapokea, anashona, anarudisha. Wateja walimsifia kwamba sasa ana haraka.

Mimi pia niliendelea. Nilikuwa nachekesha darasa kama zamani. Nikijaribu kuhisi kitu kuhusu ile asubuhi, sihisi. Naona blanketi tu, lile la rangi ya bluu, lilivyo kwa ndani.

Likizo ya mwezi wa sita nilitumwa Isongole kununua gunia la viazi. Baridi ya kule mwezi huo unaiona mdomoni. Nilikuwa kwenye bodaboda, mvua ile nyembamba isiyokwisha, tukaikuta Noah imesimama pembeni ya barabara, na nyuma yake kidogo pikipiki nyingine, na abiria wake amesimama amevaa koti la mvua refu. Nilimjua kwa jinsi alivyokuwa ameipa Noah mgongo.

Nikamwambia dereva wangu asimame.

"Fundi, shikamoo."

"Marahaba. Kasuku." Maji yalikuwa yanamtiririka puani. "Umelowa."

"Unafanya nini huku?"

Akaonyesha kwa kidevu, bila kugeuka. "Leo ni siku yake ya mazoezi. Gari nimewaachia, kaka yake anaendesha. Mimi nafuata."

"Kwa bodaboda? Mpaka Mbeya?"

"Kila wiki mbili."

"Mvua yote hii, na gari ni lako?"

"Gari lina watu," alisema.

Kaka wa Mama Ipyana alikuwa ameingia kwenye duka kando ya barabara kununua maji. Mlango wa kusukuma ulikuwa wazi. Kutoka pale niliposimama nilimwona Mama Ipyana kidogo, amekalia siti ya kawaida inayotazama mbele, amefunikwa blanketi mpaka kifuani. Alikuwa amekonda. Na yeye aliniona. Nilitafuta mzaha, nipo hivyo, mdomo unatafuta wenyewe. Haukuja. Nikasema, "Fundi, siku ile nilikuwa macho."

"Najua. Dirisha lenu halina pazia."

 Madereva wawili wa bodaboda walikuwa wanabishana habari za mpira. Lori la viazi likapita, likaturushia maji wote. Hakuna aliyesogea.

Kisha kutoka ndani ya gari sauti ikasema, siyo kubwa, "Tata."

Nilifikiri nimesikia vibaya. Kaka alikuwa bado dukani. Fundi aliinua kichwa. Nilimwangalia usoni kwa sababu nilikuwa mbele yake, na uso wake haukufanya kitu chochote.

"Tata," akasema tena Mama Ipyana. "Kiti kinaniumiza."

Miaka sita ameolewa nyumba ile. Nilikuwa sijawahi kusikia sauti yake ikielekezwa kwa yule mzee, na nadhani mzee mwenyewe alikuwa hajawahi. Alibaki ametazama kule migombani, upande wa pili wa barabara. Aliingiza mkono chini ya koti la mvua akatoa kipande cha boksi na kalamu, akakikinga na kiganja kisiloane.

"Wapi?" akauliza.

Mama Ipyana akaanza kumwambia. Hapa chini, upande wa kushoto. Tena hapa, pale panapoishia mfupa. Na gari likiingia kona ya kulia, huku juu. Alisema kwa muda mrefu, anatulia, anaendelea, na fundi anaandika, mgongo wake bado umegeukia gari, anasema ehe, ehe. Kaka alitoka dukani na chupa ya maji akasimama. Mvua ilikuwa inanyesha. Mama Ipyana alikuwa bado anasema.